Maji Meupe ya Sekimoriya

Sehemu ya tisa

Mlango wa bafu ulifunguka, na Fumie alikuwa bado ameshika pakiti.

Tulimwacha hapo wiki jana: saa tano na nusu asubuhi, bafu limefungwa kwa usafi, mikono ya kimono ameikunja na kuifunga mabegani, unga mweupe unamiminika majini. Kwa anayejiunga nasi leo, maneno machache yanatosha. Nyumba ya wageni ya Sekimoriya, huko mlimani Nabekura, imesifika kwa vizazi sita kwa maji yake meupe ya chemchemi moto. Chemchemi hiyo ilikauka mwaka juzi. Tangu hapo wageni wanaoga maji ya bomba yanayochemshwa na boila, na weupe wake unatoka dukani.

Waliojua siri hii walikuwa watatu: Fumie, mumewe Norikazu, na Iwao, fundi wa boila. Norikazu alifariki majira ya baridi yaliyopita. Wakabaki wawili.

Sasa mlangoni alisimama mtu wa tatu.

Alikuwa Mwalimu Hatakeyama, mzee aliyestaafu kufundisha hesabu, mgeni aliyekuja Sekimoriya kila vuli kwa miaka ishirini na sita. Hakutarajiwa kabla ya saa tisa. Aliomba radhi, akaeleza kwamba alipata nafasi kwenye basi la mapema, kwamba aliita pale mapokezi hakuitikiwa, na kwamba alisikia maji akafuata sauti. Alitaka tu aruhusiwe kuwasha ubani mbele ya picha ya marehemu.

Kisha macho yake yakashuka hadi kwenye pakiti.

"Hiyo ni dawa ya kusafishia, Mama?" aliuliza.

"Ndiyo, Mwalimu," Fumie alisema. "Ya kusafishia."

Mzee akainama mpaka mgongo ukalala sawa na sakafu. Akamshukuru. Alisema kwamba siku hizi kwenye nyumba nyingi mwenye nyumba hashiki brashi, na kwamba Norikazu alipata mke.

Fumie alitamani ardhi ipasuke immeze. Kwa miaka miwili alikuwa amedanganya kwa kunyamaza. Wageni walisifu maji, yeye akatabasamu, basi. Hakuna aliyewahi kumuuliza uso kwa uso. Leo ameulizwa, uongo umetoka bila hata kukwama kooni, na malipo yake yamekuwa shukrani.

Akaificha pakiti ndani ya ndoo. Alidhani amepona.

Hakuwa amepona. Mwalimu hakuja peke yake.

Pale mapokezi, kwenye kiti cha kuvulia viatu, alikaa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, amejifunga skafu mpaka kidevuni ingawa hakukuwa na baridi. Baba yake alimtambulisha: Misuzu, binti yake wa pekee. Fumie alikuwa akimsikia kwenye maongezi miaka yote hiyo. Hakuwahi kumwona.

Misuzu alifungua skafu ili aamkie vizuri, na Fumie akaona shingo yake. Ngozi ilikuwa imechubuka kuanzia nyuma ya masikio hadi kwenye mabega, nyekundu, mahali pengine imepasuka. Mikono ilikuwa vivyo hivyo.

Mwalimu alieleza kwa furaha ya mtu aliyeshinda mabishano ya muda mrefu. Binti yake alikuwa ametibiwa hospitali miaka minne, kapaka kila aina ya dawa, kaacha kazi dukani kwa sababu wateja walikuwa wanamkodolea macho. Yeye baba mtu alikuwa anamwambia kila mwaka: twende Nabekura. Mwenyewe si alikuja na magoti mabovu akaondoka anatembea? Mwaka huu amekubali. Zaidi ya hayo, dawa zote wameachana nazo, maana hakutaka kemikali za hospitali zichanganyike na maji ya mlima.

Fumie alisikia neno kemikali, akahisi unga uliobaki kwenye vidole vyake unawasha.

Misuzu aliuliza kwa upole kama angeweza kuoga sasa hivi. Hakulala usiku kucha kwa kujikuna. Fumie akajibu kwamba mabafu yote mawili yanasafishwa hadi saa kumi. Huo ulikuwa uongo wa pili ndani ya robo saa, na huu aliupamba kwa tabasamu la kazini. Akawapa chai, akawaonyesha chumba chao, akainama, akafunga mlango wa karatasi taratibu.

Kisha akakimbia.

Iwao alikuwa kwenye banda la boila, amekaa juu ya ndoo, anakula wali wake wa mchana. Alikuwa na miaka sitini na tisa, na thelathini na moja kati ya hiyo alikuwa ameitumia kulinda bomba la chemchemi kwanza, na boila baadaye. Fumie akamwambia amwage maji ya bafu la wanawake, yote, sasa hivi. Ajaze maji safi ya moto yasiyo na kitu.

Iwao alitafuna, akameza, akauliza watamwambia nini mgeni atakayekuta maji angavu kama kioo.

"Tutasema kuna siku chemchemi hutoa maji angavu," Fumie alisema.

Iwao alimtazama. Hakuna hata mwaka mmoja katika vizazi sita ambao maji ya Sekimoriya yalitoka angavu. Hakusema hivyo. Alifunika chakula chake tu, akainuka kwenda kwenye vali, na Fumie akabaki amesimama kwenye mvuke, anajisikiliza. Uongo wa tatu alikuwa ameshautunga kabla hajaulizwa. Alikuwa binti wa mwenye duka la vyungu, aliyefundishwa na baba yake kumwonyesha mteja ufa kabla mteja hajauona mwenyewe. Alijaribu kukumbuka ni lini aligeuka kuwa mtu wa namna hii. Hakupata siku.

Kumwaga bwawa kulichukua saa nzima. Kulijaza kungechukua nyingine. Fumie alihesabu: saa nane maji safi yangekuwa tayari. Angeweza hata kumpelekea Misuzu habari njema mapema kuliko alivyoahidi. Alianza kupumua.

Hakujua kwamba juu ghorofani kuna mtu alikuwa amesikia sauti ya Mwalimu.

Tazu, mama yake Norikazu, alikuwa na miaka themanini na mitano. Aliishika Sekimoriya kwa miaka arobaini kabla ya kumwachia Fumie, na mpaka leo wafanyakazi walinyoosha migongo wakimwona. Alishuka ngazi taratibu, mkono ukutani, akawasalimu wageni wake, akamuuliza Misuzu anaumwa nini. Alipojibiwa, akauliza kwa nini hajaoga. Alipojibiwa hilo pia, uso ukambadilika.

Mhudumu wa vyumba, aliyekuwa akipanga mito, ndiye aliyesimulia baadaye bibi alivyosema. Alisema mgeni wa miaka ishirini na sita haambiwi angoje katika nyumba hii. Alisema mke wa mwanawe ni mchapakazi ila anapenda ratiba kuliko watu. Kisha akamshika Misuzu mkono, akampeleka nyuma ya bustani, kwenye bafu dogo la familia.

Hilo ndilo bafu ambalo Tazu mwenyewe aliogea kila jioni.

Na kwa sababu pua ya Tazu ilikuwa haijazeeka, kwa sababu bibi huyu aliyajua maji ya Sekimoriya tangu utotoni, Fumie alikuwa akiweka unga katika bafu hilo maradufu. Asubuhi hiyo alitia pakiti nne, na kijiko cha salfa juu yake kwa ajili ya harufu.

Mhudumu alipomwambia, Fumie hakungoja amalize. Alipita jikoni, akapita bustanini bila kandambili, soksi zake nyeupe zikalowa tope.

Tazu alikuwa amekaa kwenye benchi nje ya bafu, mikono mapajani, ametulia. Nyuma ya mlango wa mbao yalisikika maji yakimwagwa kwa kopo.

"Mama, mwambie atoke," Fumie alisema.

Tazu aliuliza kwa nini.

Hili, msomaji, ndilo jambo ambalo Fumie hakujisamehe baadaye. Jibu alikuwa nalo. Lilikuwa na maneno manne au matano. Mwanamke mwenye ngozi iliyopasuka alikuwa amekaa ndani ya maji yale, hatua tatu kutoka pale, na kila pumzi ilikuwa na thamani. Fumie alifungua mdomo mara ya kwanza, akaufunga. Akaufungua mara ya pili.

"Maji ni ya moto mno," alisema.

Tazu alicheka kidogo. Alisema aliogea maji hayo hayo jana, na yeye ni mzee wa kuungua upesi kuliko huyu. Akapigapiga benchi ili Fumie akae. Na Fumie akakaa. Hilo ndilo lililomwuma kuliko yote: kwamba alikaa. Walikaa pamoja wakitazama miti ya mlimani iliyoanza kuwa myekundu, na Tazu akamweleza jinsi bibi yake alivyomleta hapa akiwa mtoto mwenye upele, akamwosha siku saba.

Hazikupita dakika mbili. Mlango ukafunguka.

Misuzu alitoka amejifunga taulo. Shingo yake ilikuwa imevimba na kung'aa, na wekundu ulikuwa umeshuka kifuani na kuenea mikononi hadi kwenye vidole. Alikuwa anatetemeka, lakini alijitahidi kutabasamu, maana mwenyeji wake alikuwa mzee na amemfanyia wema.

"Baba alisema mwanzoni yatauma kidogo," alisema. "Nilivumilia. Ni kawaida yaume hivi?"

Fumie aliteleza kutoka kwenye benchi akapiga magoti. Hakupanga. Magoti yalikuta mawe, viganja vikakuta mawe, paji la uso likakuta mawe.

"Hayo si maji ya chemchemi," alisema. "Ni ya bomba. Nimetia unga. Nisamehe. Tafadhali nipe ruhusa nikuoshe."

Hakuinua uso kuona nani anamtazama vipi. Aliinuka moja kwa moja, akamshika Misuzu mkono, akamwingiza jikoni, akamkalisha kwenye stuli mbele ya wapishi, akamwagia maji baridi ya bomba jagi baada ya jagi, shingoni, mabegani, mikononi. Kimono chake cha kazi kikaloa mpaka kiunoni. Misuzu alilia bila sauti. Aliuliza mara moja tu unga wenyewe una nini ndani. Fumie akamsomea karatasi ya pakiti, neno kwa neno, pamoja na mstari mdogo wa chini uliosema usitumike kwenye ngozi yenye vidonda. Alikuwa hajawahi kuusoma mstari ule.

Iwao alileta gari la nyumba. Zahanati ya mjini iko mwendo wa dakika kumi. Kabla Misuzu hajapanda, baba yake alikuwa ameshashuka kutoka chumbani, na ilibidi aelezwe.

Fumie alimweleza mwenyewe, pale mapokezi, akiwa amepiga magoti tena na maji yakimchuruzika. Alimwambia tangu lini, alimwambia ni akina nani waliojua. Mwalimu alisikiliza kama alivyowahi kusikiliza wanafunzi, bila kukatiza. Wahudumu walisimama kwenye ukumbi. Mume na mke waliolala hapo usiku wa jana, waliokuwa wanatoka kwenda matembezi, walisimama nao na viatu mkononi.

Mzee hakupandisha sauti. Kwanza alijilaumu mwenyewe. Alisema yeye ndiye aliyetupa mirija ya dawa ya binti yake kwenye taka, mmoja mmoja, huku binti anamwomba aache japo mmoja. Alisema alijiona anajua kuliko madaktari. Kisha akatazama kidimbwi kilichokuwa kinajikusanya chini ya Fumie.

"Asubuhi nilikuuliza," alisema. "Ukanijibu. Na mimi nikakushukuru."

Akavaa viatu vyake, akapanda gari kumfuata binti yake. Sanduku la keki za maharage matamu alizoleta kwa ajili ya picha ya Norikazu liliachwa juu ya meza ya mapokezi, na karatasi yake ya zambarau haijafunguliwa. Hakuna mhudumu aliyethubutu kuligusa.

Fumie alidhani amefika chini kabisa. Hakuwa amefika. Nyuma yake Tazu alikuwa amesimama, ameshikilia nguzo.

"Tangu lini?" bibi aliuliza, ingawa alikuwa amesikia.

"Tangu tetemeko la ardhi, mama. Machi ya mwaka juzi. Maji yalipungua wiki mbili, kisha yakakatika. Norikazu alisema tusikuambie. Alisema habari hiyo ingekuua."

Tazu alitikisa kichwa polepole, anahesabu jioni. Zilikuwa zaidi ya mia tisa. Kila jioni baada ya kuoga alikuwa akipita chumba cha chakula, akiwasimulia wageni kwamba akizamisha uso kwenye maji yale anausikia mlima. Alikuwa akiwaambia wageni wa mjini kwamba pua yao haijui, lakini yake inajua. Wageni walikuwa wanaitikia kwa vichwa, wengine wanaandika.

"Na wewe ulikuwa unasimama pale na sinia," Tazu alisema, "unanisikiliza."

Fumie alijua ni kweli. Alikuwa anasimama pale na sinia. Jioni nyingine alikuwa anaitikia kwa kichwa pamoja na wageni.

Bibi hakumtukana. Angetukana ingekuwa nafuu. Alikwenda mlangoni, akavuta stuli, akapanda juu yake na miaka yake themanini na mitano, akaanza kulishusha pazia la bluu lenye jina la nyumba, lile linalotundikwa kila asubuhi kuonyesha kwamba wageni wanakaribishwa. Fumie alinyoosha mikono amshikilie asianguke. Tazu akasema asante, hapana, kama mtu anavyomwambia muuzaji asiyemjua. Alilishusha mwenyewe, akashuka, akaanza kulikunja.

Ilikuwa saa nane kasorobo. Saa tisa basi lingeleta wageni kumi na mmoja.

Fumie alibadili kimono, akakaa mezani mapokezi, akasaga kipande cha wino mkavu kwenye maji, akachukua karatasi ndefu. Aliandika kwa brashi, herufi kubwa, bila maua ya lugha:

*Maji ya nyumba hii si ya chemchemi. Ni maji ya bomba yaliyotiwa unga, tangu Machi mwaka juzi. Tumewadanganya wageni wote waliooga hapa tangu siku hiyo. Leo mgeni ameumia. Nyumba imefungwa. — Sekimori Fumie*

Wakati wino unakauka alifikiria wale kumi na mmoja. Walikuwa wanapanda mlima kwa ajili ya maji moto, hawakuwa na kosa, ilibidi wapatiwe pa kulala. Nabekura nzima kulikuwa na mahali pamoja tu penye vyumba vya kutosha: hoteli mpya ya ghorofa sita karibu na stesheni, iliyofunguliwa mwaka juzi. Mwenye hoteli hiyo alikuwa Teruhiko, mdogo wake Norikazu.

Hawakuwa wakizungumza sana. Fumie akameza aibu nyingine, akapiga simu. Alimweleza shemeji yake kila kitu kwa ufupi, mgeni aliyeumia, unga, tangazo. Akamwomba awapokee wageni wake, wapate angalau maji ya kweli.



Kisha Teruhiko akauliza ni nani aliyeona tangazo. Alipoambiwa bado halijabandikwa, akasema asilibandike. Anakuja.

Alifika kwa dakika saba. Alikuwa mtu wa suti siku zote, nywele zimelala kila unywele mahali pake. Leo alishuka kwenye gari na kandambili za hoteli miguuni. Hakuamkia. Hakulitazama sanduku la keki wala kiti cha mama yake kilichokuwa kitupu. Alilitazama tangazo, akalisoma mpaka mwisho, midomo ikicheza.

"Shemeji, ukibandika hii wataulizana maji yalikwenda wapi," alisema.

Fumie alimwambia kila mtu anajua yalikwenda wapi. Tetemeko.

"Tetemeko lile halikuvunja hata sahani," Teruhiko alisema. "Mimi nilimaliza kuchimba Februari. Mita mia nane, kwenye mteremko wa misonobari nyuma ya nyumba hii. Maji yako yako kwangu. Wageni wangu wanayaogea kila siku."

Fumie alisikia kila neno, lakini maneno yalikataa kukaa pamoja. Alisema mteremko ule ni wa Norikazu. Hakuna mtu angeweza kuchimba pale bila ruhusa yake.

Teruhiko akatia mkono ndani ya koti. Akatoa bahasha, kutoka kwenye bahasha akatoa karatasi, akaitandaza mezani juu ya tangazo, juu ya wino ambao ulikuwa haujakauka vizuri. Ndipo Fumie akaelewa kwa nini mtu aliyesahau hata viatu hakusahau karatasi ile. Hakuja kuungama. Alikuja kumnyamazisha.

Ilikuwa ruhusa ya kuchimba. Chini yake kulikuwa na mihuri miwili myekundu, ile itumikayo badala ya saini.

Wa kwanza ulikuwa wa Norikazu.

"Kaka alijua tangu mwanzo," Teruhiko alisema, sasa kwa sauti ya upole. "Hadithi ya tetemeko aliitunga yeye. Na si yeye peke yake. Ardhi ile iko kwa majina ya watu wawili. Kwa hiyo fikiri vizuri, shemeji, kabla ya kubandika chochote."

Hatua za kuburuta zilisikika kwenye ukumbi. Tazu alikuwa amesimama pale, pazia lililokunjwa kifuani kama mtoto. Haikujulikana amesikia kuanzia wapi.

"Huo mwingine ni muhuri wa nani?" bibi aliuliza.

Fumie aliutazama. Aliujua ufa mdogo kwenye ukingo wa duara, kwa sababu muhuri ule ulimponyoka mwenyewe jikoni miaka iliyopita. Na aliikumbuka siku yenyewe. Ilikuwa siku tatu kabla ya mwaka mpya, wageni arobaini ndani ya nyumba, mikono yake imejaa unga wa ngano, na Norikazu akamletea makaratasi mezani, akisema ni mambo ya halmashauri, bonyeza muhuri hapa na hapa. Akabonyeza hapa na hapa. Hakusoma. Alikuwa anawahi kugeuza samaki.

Miaka miwili alijifariji kwa jambo moja: kwamba maji yaliondoka yenyewe, na kosa lake lilianzia baada ya hapo.

"Wangu, mama," alisema.

Hakungoja jibu. Aliiondoa karatasi ya Teruhiko juu ya tangazo, akaiweka kando. Herufi mbili zilikuwa zimechafuka lakini zilisomeka. Akachovya brashi. Teruhiko akasogea kumshika mkono, kisha akakumbuka mama yake anamwona, akaacha. Chini ya jina lake Fumie akaongeza mstari mmoja: *Chemchemi haikukauka. Ilitolewa kwa muhuri wangu.*

Akaenda nje, akalibandika tangazo mlangoni, mahali palipokuwa na pazia. Chini bondeni basi la saa tisa lilikuwa limeshavuka daraja.

Aliporudi ndani, Teruhiko alikuwa amekaa kwenye kiti cha kuvulia viatu, palepale alipokaa Misuzu asubuhi. Rangi ilikuwa imemtoka. Alicheka kicheko kifupi kisicho na furaha.

"Sawa, umeshinda," alisema. "Wote tumekwisha. Lakini hujaniuliza jambo moja. Hujaniuliza kwa nini kaka alikubali kuiua nyumba yake mwenyewe."

Fumie alifungua mdomo kuuliza.

"Teruhiko," Tazu alisema. Pazia lilikuwa limemponyoka, limelala miguuni pake. "Hilo uliniahidi hutalisema."

Na kwa mara ya kwanza katika miaka thelathini na miwili ya kuishi naye, Fumie alimwona mama mkwe wake anainamisha uso.